Maswali ya Wasomaji: Siri ya Mwananchi Inapotoka Ofisi Moja Kwenda Nyingine

Tangu wizara zilipohamia Dodoma na nyingi kati yake kujengewa ofisi jirani jirani katika Mji wa Serikali Mtumba, jalada linaweza kutoka taasisi moja na kufika nyingine kabla ya saa ya chai. Ukaribu huo una faida kubwa kwa kazi za umma, lakini wasomaji wanatuandikia wakiuliza ni nini kinachosafiri humo ndani, kwa ruhusa ya nani na kwa kazi gani. Tunajibu hapa baadhi ya barua hizo. Majina ya waandishi tumeyahifadhi, na maelezo yoyote ambayo yangeweza kumtambulisha mtu au ofisi yake tumeyaondoa.

Ndugu Mhariri,
*Mimi ni mtunza kumbukumbu katika masjala ya taasisi moja ya umma. Hivi karibuni alikuja ofisa wa taasisi nyingine akitaka nakala ya jalada binafsi la mtumishi wetu, lote kama lilivyo, pamoja na fomu za matibabu na barua za nidhamu. Hakuwa na barua. Nilipomwomba ailete, alijibu kwamba Serikali ni moja, kisha akampigia simu mkuu wa kitengo changu, naye akaniagiza nizipige picha kurasa zile na kumtumia kwa WhatsApp. Nilisita, na tangu siku hiyo naonekana mkaidi. Je, nilikosea? Na kama haja yao ilikuwa ya kweli, walipaswa kupita njia gani?*
*Mtunza kumbukumbu, Dodoma Mjini*

Hukukosea, ndugu yetu. Ulifanya kazi ambayo masjala iliundwa kuifanya, na tunasikitika kwamba uangalifu wako umepewa jina la ukaidi.

Kauli kwamba Serikali ni moja ni ya kweli inapohusu wajibu wa taasisi za umma kushirikiana na kutokwamishana. Haigeuki kuwa ufunguo wa kila kabati. Kila taasisi ina kazi zake na mipaka yake kisheria, na mara nyingi imewekewa masharti yake ya kutunza siri. Mtumishi aliyempa mwajiri wake fomu ya matibabu aliitoa ili apewe likizo ya ugonjwa au kazi inayolingana na afya yake, hakuitoa kwa Serikali nzima. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake, na haki hiyo haikomi kwa sababu tu anayetaka kuchungulia naye ni mtumishi wa umma.

Sheria iliyo karibu zaidi na swali lako ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Sura ya 44, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hii inazibana taasisi za umma kama inavyozibana kampuni binafsi. Msingi wake ni kwamba taarifa binafsi hukusanywa kwa lengo mahususi lililo halali, hutumika kwa lengo hilo, na hazitolewi kwa mtu mwingine ila kwa sababu zinazotambuliwa na sheria: ridhaa ya mhusika mwenyewe, matumizi yanayohusiana moja kwa moja na lengo la awali, amri au ruhusa ya sheria nyingine, au haja ya kuepusha hatari kwa uhai au afya ya mtu. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, zenye ulinzi mkali zaidi. Mtu anayetoa taarifa kinyume cha lengo la kukusanywa kwake bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi milioni 20, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au vyote viwili. Yule ofisa aliyekuja mikono mitupu hakukueleza kwamba hatari hiyo ingekuangukia wewe uliyebonyeza kitufe cha kutuma.

Lipo jambo ambalo masjala nyingi hulichanganya, nasi tungependa tulikalie kidogo. Watunza kumbukumbu wamezoea kuitafuta siri kwa macho: jalada lenye muhuri wa SIRI huenda masjala ya siri, lisilo na muhuri hubaki masjala ya wazi. Utaratibu huo umejengwa kwa ajili ya siri za nchi, ambazo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inazilinda kwa adhabu kali. Siri ya mtu haina muhuri. Fomu ya daktari, hati ya talaka, barua ya onyo, nambari ya akaunti ya benki na jina la mtoto aliyeandikishwa kuwa mtegemezi hukaa katika jalada la kawaida, katika karatasi nyeupe isiyotisha, na zote ni siri kwa sababu ya yule zinayemhusu. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba jambo si la siri eti kwa sababu halikugongwa muhuri.

Sasa njia. Taasisi yenye haja ya kweli huandika barua rasmi kwa afisa masuuli au mtendaji mkuu wa taasisi yenu, si kwako na si kwa mkuu wa kitengo. Barua hiyo hutaja kifungu cha sheria kinachowapa uwezo wa kuomba, shauri au kazi inayohitaji taarifa hizo, na kurasa au maelezo yanayotakiwa hasa. Neno «jalada lote» katika ombi la namna hiyo lingetosha kukufanya uulize. Anayechunguza uhalali wa cheti cha elimu anahitaji cheti, hahitaji kujua mtumishi alilazwa hospitali lini. Barua ikipokelewa hufunguliwa jalada, huandikiwa dokezo, hupanda kwa mwenye mamlaka ya kuamua, naye huandika uamuzi wake na kuusaini. Kinachotumwa huorodheshwa katika barua ya kuambatisha, ambayo pia hueleza kwamba taarifa zitumike kwa kazi iliyotajwa na zisipelekwe kwa taasisi ya tatu bila kurudi kwenu. Kama ni karatasi, ziwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya bahasha nyingine, na anayezipokea asaini kitabu. Kama ni kwa njia ya kielektroniki, zipite katika mifumo rasmi au barua pepe ya Serikali inayoishia na .go.tz.

Utaratibu huu wote una shabaha moja, nayo ni kwamba miaka mitano baadaye, mtumishi yule akiuliza nani alisoma fomu zake, jibu lipatikane katika karatasi. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp haiachi jibu la namna hiyo. Hubaki katika simu mbili za watu binafsi, pengine na katika hifadhi zao za mtandaoni, na ikisambazwa katika kundi hakuna atakayeirudisha.

Zipo taasisi zenye uwezo mpana wa kudai nyaraka, na hizo usizicheleweshe bila sababu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa Ibara ya 143 ya Katiba, anayo haki ya kukagua vitabu na kumbukumbu zinazohusu hesabu za umma, yeye na watumishi aliowaruhusu. TAKUKURU inao uwezo wake chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, Jeshi la Polisi lina njia zake chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na amri ya mahakama hutiiwa. Hata hao huja na barua, hati au kitambulisho cha kazi kinachoonyesha shauri wanalolishughulikia, na ofisa mzoefu wa taasisi hizo hachukii kuulizwa. Pale ambapo uhai wa mtu uko hatarini, kwa mfano hospitali inahitaji kujua aina ya damu ya mtumishi aliyepata ajali barabarani, taarifa itolewe papo hapo, kisha iandikwe siku hiyo hiyo ni nini kilichotolewa, kwa nani na kwa nini.

Kuhusu mkuu wako wa kitengo, usibishane naye mdomoni. Mwandikie dokezo fupi la heshima, kwa mfano: «Nimepokea maagizo yako ya mdomo ya kutoa nakala za jalada tajwa. Kwa kuwa lina taarifa nyeti na ombi halikuletwa kwa maandishi, naomba mwongozo wako wa maandishi.» Tunaamini wakuu wengi wakiona ombi la kusaini jambo kama hilo watatulia na kulitazama upya. Akisaini licha ya yote, lipandishe dokezo hilo kwa mwenye mamlaka ya juu kabla hujatoa hata ukurasa mmoja, kwa maana saini ya mkuu haikuondolei wewe wajibu wa sheria.

Ndugu Mhariri,
*Nina duka la vifaa vya ujenzi. Wakati wa sensa ya mwaka 2022 nilimweleza karani kila kitu kuhusu kaya yangu na mali niliyo nayo. Mwaka huu nimekadiriwa kodi kubwa zaidi, na majirani sokoni wanasema majibu ya sensa ndiyo yaliyopelekwa TRA. Ni kweli?*
*Mfanyabiashara, Majengo, Dodoma*

Sheria hairuhusu jambo hilo. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inataka majibu ya mtu au kaya yatumike kwa takwimu tu na yasitolewe kwa namna inayomtambulisha mhusika, na makarani waliopita nyumba kwa nyumba tangu usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 walikula kiapo cha kutunza siri. Mamlaka ya Mapato haiyahitaji majibu hayo, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kuwataka watu na taasisi kwa maandishi wampe taarifa zinazohusu kodi, na risiti za mashine unazozitoa wewe na zile zinazotolewa na wanaokuuzia bidhaa zinaeleza mengi. Sheria hiyo hiyo inawafunga midomo watumishi wa TRA kuhusu mambo ya walipa kodi. Ukiona makadirio hayakustahili, yawekee pingamizi kwa maandishi ndani ya muda uliopangwa na uombe kuelezwa yamefikiwaje. Usiifiche kaya yako katika sensa ijayo kwa maneno ya sokoni, maana hesabu hizo ndizo zinazotumika kupanga shule na zahanati za mtaa wako.

Mhariri, pokea salamu zangu.
*Ninahudhuria kliniki ya tiba na matunzo katika kituo cha afya. Siku moja mtendaji wa kijiji aliniambia mbele ya watu kwamba jina langu limo katika orodha ya «wale wa dawa» aliyoletewa ili watu fulani wasaidiwe chakula. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote pale kijijini. Msaada sikuutaka kwa bei hiyo. Nifanye nini?*
*Mama, Wilaya ya Bahi*

Mama, pole sana. Uliyotendewa ni makosa, na uzito wake haupunguzwi na nia njema ya kugawa chakula.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inaagiza kwamba matokeo ya kipimo cha VVU ni siri na hutolewa kwa aliyepimwa mwenyewe, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria, kama mtoto anayewakilishwa na mzazi au mlezi, au amri ya mahakama. Ofisi ya kijiji haimo. Kama mpango wa msaada ulihitaji kuwafikia wagonjwa, kituo cha afya kingewauliza ninyi wenyewe mmoja mmoja kliniki, na anayekubali angepewa msaada huo huko huko au kuingizwa katika orodha ya kaya zenye uhitaji bila kutaja sababu. Mtendaji anahitaji kujua kaya yako ina upungufu wa chakula, na hilo linajulikana kwa kuitazama ghala. Jina la ugonjwa halimwongezei chochote katika kazi yake.

Una milango kadhaa, na unaweza kuanza na ule unaokupa utulivu zaidi. Mganga mfawidhi wa kituo chako anapaswa kupokea malalamiko yako kwa maandishi na kueleza orodha ilitokaje, na asipojibu yupo mganga mkuu wa wilaya. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa na ile Sura ya 44 tuliyoieleza hapo juu, ambayo hupokea malalamiko ya mtu yeyote ambaye taarifa zake zimetolewa isivyo halali na inaweza kuamuru alipwe fidia. Huna lazima ya kwenda na wakili. Andika tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na watu waliokuwepo, hata kama maelezo ni mafupi. Omba pia kwamba orodha iliyoko ofisi ya kijiji ikusanywe na kuharibiwa, kwa sababu kadiri inavyoendelea kukaa katika droo ndivyo inavyoendelea kusomwa. Na tafadhali, mama, usiache dawa wala usihame kliniki kwa aibu ambayo si yako.

Mhariri,
*Ninyi mnasisitiza siri, lakini sisi wengine tumeteswa na kukosekana kwa mawasiliano. Nimestaafu ualimu. Kila ofisi inanitaka nilete upya cheti cha kuzaliwa, barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini na kitambulisho, ilhali zote zimo Serikalini. Jina langu la kati limeandikwa tofauti NIDA na kwenye jalada la mwajiri, basi kila mmoja ananirudisha kwa mwenzake. Kwa nini hawaulizani wao kwa wao?*
*Mwalimu mstaafu, Kondoa*

Mwalimu, shikamoo. Hoja yako ni nzito na tunaiunga mkono. Siri isiyotumika kumlinda mwenyewe, ikabaki kumchosha, imepoteza sababu ya kuwepo. Ofisi inayokataa kumthibitishia mwenzake tarehe ya ajira yako kwa madai ya siri, huku ukiwa umesimama pale pale ukiomba ithibitishwe, inatumia neno hilo kujikinga na kazi.

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ilitungwa kwa sehemu kubwa kutibu tatizo hili. Mamlaka ya Serikali Mtandao, yenye makao makuu hapa Dodoma, imejenga mfumo wa kubadilishana taarifa unaojulikana kwa kifupi kama GovESB, ili mifumo ya taasisi isomane. Uzuri wa njia hiyo, ikitumiwa vizuri, ni kwamba anayeuliza hupewa jibu la swali lake peke yake. PSSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma unaolipa pensheni, ukitaka kujua kama nambari fulani ya NIDA ni ya mtu mwenye jina hili, unathibitishiwa hilo, bila kukabidhiwa historia ya familia yako. Kwa wastaafu wa rika lako ugumu unaongezwa na historia: PSSSF ilizaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF, na kumbukumbu za zamani zilizoandikwa kwa mkono haziingii katika mfumo kwa kuambiwa tu ziingie.

Ushauri wetu ni kwamba uandike barua ya ridhaa kwa mwajiri wako wa mwisho, ukimruhusu kwa jina kutuma kwa PSSSF nyaraka unazozitaja moja moja, na nakala uipeleke PSSSF. Ridhaa yako ya maandishi inaondoa kisingizio cha siri. Kuhusu jina, pata kwanza hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kisha uombe marekebisho katika ofisi ile moja yenye kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inakupa haki ya kusahihishiwa taarifa zisizo sahihi, kwa hiyo unapoomba marekebisho unadai haki, huombi hisani.

Ndugu Mhariri,
*Mtumishi mwenzangu aliandika malalamiko kwa taasisi ya juu kuhusu manunuzi yenye harufu ya rushwa katika ofisi yetu. Baada ya wiki chache barua yake, ikiwa na jina na saini, ilirudishwa kwa bosi yule yule aliyelalamikiwa, ikiwa imeandikwa juu «kwa hatua zako». Sasa amehamishwa. Mimi ninazo nyaraka zaidi, lakini naogopa.*
*Mtumishi, Singida*

Hofu yako ina msingi, na tumelijua jambo hili kwa barua za wengine pia. Huu ndio mpito wa taarifa kati ya ofisi unaotuumiza kuliko yote, kwa sababu barua ilitumwa kwa njia rasmi, ikasajiliwa vizuri, ikagongwa mihuri yote, na bado ikamfikia mtu ambaye hakupaswa kabisa kuiona. Ofisi iliyopokea malalamiko ilipaswa kujiuliza ni nani anayelalamikiwa kabla ya kuamua barua iende wapi. Kama ilihitaji maelezo ya bosi, ingechota hoja na kuziandika upya kwa maneno yake yenyewe, bila jina, bila mwandiko, na bila maelezo madogo madogo ambayo mtu mmoja tu katika ofisi angeweza kuyajua.

Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa za Uhalifu na Mashahidi ya mwaka 2015 inakataza kufichua utambulisho wa mtoa taarifa, na inamlinda dhidi ya kulipiziwa kisasi kazini, kama kufukuzwa au kuhamishwa kwa kukomolewa, mradi taarifa aliitoa kwa nia njema na kwa mamlaka inayohusika. Mwenzako anaweza kuidai hifadhi hiyo sasa, na aidai kwa maandishi akiambatisha barua ya uhamisho na nakala ya malalamiko yake ya mwanzo, ili tarehe zenyewe zioneshe kipi kilitangulia.

Kwa upande wako, usipitishe nyaraka katika masjala ya ofisi yenu, wala usizitume kwa barua pepe ya kazini. Nenda mwenyewe ofisi ya TAKUKURU ya mkoa, uombe kuonana na ofisa kwa faragha, na mweleze tangu mwanzo kwamba unaomba jina lako lisionekane katika mawasiliano yoyote na taasisi yako. Usichukue nyaraka zenye muhuri wa siri za Serikali kuzitoa nje ya ofisi; taja mahali zilipo, nambari ya jalada na tarehe, nao wanao uwezo wa kisheria wa kuzifuata. Kabla hujaondoka uliza jina la ofisa aliyekupokea na namna atakavyowasiliana nawe, na umwambie waziwazi kama hutaki kupigiwa simu saa za kazi.